Ekstensheni ya Katibu Mkuu

Katika nchi moja ambayo jina lake nalificha, kwanza kwa mapenzi na pili kwa sababu nina watoto wanaosoma, kuna Wizara ya Usalama Mahali pa Kazi. Iko ghorofa ya tatu ya jengo refu jeupe. Lifti ya jengo hilo haijawahi kumdhuru mtu hata mmoja, kwa kuwa haijawahi kutembea. Mimi ni Afisa Habari wa Wizara, jina langu Mwinjuma, na kazi yangu ni kueleza mambo yaliyotokea kwa namna ambayo hayakutokea. Katika kurasa hizi nitajaribu kuipa kazi hiyo likizo.

Nianze na ukuta. Mkandarasi aliyejenga jengo letu alionyesha kwenye michoro soketi mia na ishirini kwa kila ghorofa. Siku ya uzinduzi ilionekana moja. Waziri wa wakati huo, mtu mwenye maono, aliisifu soketi hiyo kwa dakika arobaini. Alisema taifa lenye umoja halina haja ya soketi nyingi, na kwamba soketi nyingi ndizo zilizoleta vita kwa majirani. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Soketi yenyewe ni ya kizamani, ya meno mawili, na imo ofisini kwa Katibu Mkuu, nyuma ya kiti chake, chini ya picha ya Rais.

Kwenye soketi hiyo imechomekwa ekstensheni ya Katibu Mkuu. Kwenye ekstensheni ya Katibu Mkuu imechomekwa ya Naibu wake. Kwenye ya Naibu imechomekwa ya Mkurugenzi wa Utumishi, na kwenye hiyo nyingine, na nyingine, zikipita chini ya milango, juu ya makabati, katikati ya ndoo ya ua la plastiki, mpaka ya arobaini na moja, ambayo iko chumba cha chai mwisho kabisa wa korido.

Mgeni anaweza kudhani huu ni uzembe. Hapana, huu ni utumishi wa umma. Kwetu sisi cheo cha mtu hakisomwi kwenye barua, kinasomwa kwenye waya. Ukipandishwa, unachomoa plagi yako unaisogeza tundu moja kuelekea ukutani, wenzako wanakuangalia kwa tabasamu la watu waliokosa, na soda zinafunguliwa. Ukistaafu, plagi yako inachomolewa kwa heshima na unakabidhiwa mkononi pamoja na blanketi. Ukifukuzwa, inachomolewa bila blanketi. Kanuni ya Kumi na Tisa ya Utumishi inasema wazi: mtumishi asiye na umeme si mtumishi. Hata kwenye posa, wazee wa binti huuliza kwanza kijana yuko tundu la ngapi, dini huulizwa baadaye. Mimi wakati mambo haya yanaanza nilikuwa tundu la saba, na mke wangu alikuwa hajaridhika.

Zamani kulikuwa na fyuzi. Ilikuwa na tabia ya kukatika, na kila ikikatika, kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi na Tisa, Wizara nzima ilikuwa imefukuzwa kazi na ililazimika kuapishwa upya. Baada ya kuapishwa mara tatu ndani ya juma moja, kamati iliundwa, ikagundua kwamba fyuzi ni kibaraka wa maadui wa maendeleo. Ikatolewa, mahali pake ukawekwa msumari wa inchi nne. Msumari ni mtiifu, haujawahi kukatika mpaka leo.

*

Mwaka huu Waziri alitangaza kwamba ekstensheni zote katika ofisi za serikali zipimwe usalama. Itakayofaulu ibandikwe stika ya kijani, itakayofeli ibandikwe nyekundu. Wizara yetu, kwa kuwa ndiyo mama mzazi wa usalama, ingepimwa kwanza, na cheti chake kingetolewa siku ya kilele cha Wiki ya Usalama mbele ya Rais. Stika za kijani zilichapishwa elfu kumi. Nyekundu zilichapishwa mbili, za kuonyesha mfano.

Kazi akapewa Fundi Sefu Lukindo. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kutembea kama anayeogopa kukanyaga kitu cha mtu. Alitoka kwenye kiwanda cha sabuni kilichokufa, na kwetu alikuwa kwenye majaribio ya miezi sita, wa tano ukiwa ukingoni. Majaribio maana yake alifanya kazi bila tundu. Alitumia mwanga wa dirisha kama raia.

Mkurugenzi wa Utumishi, Bi. Aurelia Kokuhirwa, alimkabidhi boksi la stika mbele yangu, nikiwa na kamera.

"Fundi, kazi ndiyo hii. Ukimaliza kubandika, unasaini fomu, mwezi ujao tunakuthibitisha na tundu tunakupa."

"Nabandika tu, mama, au napima?"

"Vyote. Anza na kubandika."

Sefu alikuna kidevu. Akasema, kwa adabu, kwamba ekstensheni haipimwi ikiwa na umeme, lazima ichomolewe kwanza, ndipo waya zake zikaguliwe moja moja. Bi. Kokuhirwa alitafuta kiti akakaa. Kuichomoa ekstensheni ya Katibu Mkuu ni kumfukuza kazi Katibu Mkuu na watu arobaini nyuma yake. Hata kulitamka hilo kulihitaji kibali.

Kikao kilikaa siku tatu, kikazaa Utaratibu wa Upimaji wa Heshima. Kwa utaratibu huo, mpimaji anasimama hatua mbili kutoka kwenye ekstensheni, mikono nyuma, anaitazama kwa unyenyekevu, kisha anamuuliza mwenye nayo: "Je, una imani nayo?" Mwenye nayo anajibu: "Nina imani nayo kamili." Stika ya kijani.

Tulimaliza thelathini na nane kabla ya chakula cha mchana. Moja ilikuwa imeyeyuka na kushikana na zulia. Ilifaulu kwa alama za juu kwa sababu haiwezi kuibwa. Nyingine ilikuwa inanuka, nami nikaandika kwenye taarifa kwamba ina harufu ya uchapakazi. Sefu alibandika zote alizoambiwa, lakini fomu hakuisaini. Kila nilipomnyooshea kalamu alisema, "Tumalizie zilizobaki kwanza, kaka."

Zilizobaki zilikuwa tatu. Mbili za mwisho wa korido, na moja ya ukutani.

*

Chumba cha chai ni himaya ya Mama Siwema. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akipika chai ya saa nne ya ghorofa yetu, na niseme ukweli ambao haumo kwenye taarifa yoyote: bila chai hiyo Wizara haina uhai. Mafaili yanasubiri chai. Mikutano inaahirishwa mpaka chai. Mawaziri sita wamekuja wakaondoka na hakuna aliyetikisika. Mama Siwema akichelewa dakika tano, korido nzima inachungulia.

Birika lake ni la umeme, la chuma linalong'aa, zawadi kutoka nchi rafiki, limechorwa bendera mbili zinazopeana mikono. Halihojiwi, maana kulihoji ni kuihoji diplomasia. Siku hiyo tulimkuta amelizungushia khanga iliyokunjwa mara nne, analibeba kama mtoto mchanga aliyejikojolea.

"Shikamoo, Mama," Sefu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Msiliguse hilo."

"Kwa nini?"

"Linauma asubuhi. Likishachemka mara mbili tatu linatulia. Nimeshalizoea."

Sefu alitoa kipimo chake, ncha moja akaigusisha kwenye birika, ya pili kwenye bomba la maji. Mshale wa kipimo uliruka mpaka mwisho ukabaki huko. Nilimwona Sefu akibadilika rangi ya uso. Akarudia. Mshale ukarudia.

Alitueleza taratibu, kama mtu anayetoa habari za msiba. Kwenye waya za ekstensheni, alisema, kuna mbili zinazofanya kazi na moja isiyofanya kitu siku zote isipokuwa siku ya balaa. Hiyo ya tatu, mafundi wanaiita ethi, kazi yake ni kuuchukua umeme uliopotea na kuushusha ardhini kabla haujashuka kupitia mwilini mwa mtu. Birika hili limeoza ndani, umeme umeingia kwenye chuma chake, na ethi haipo ya kuuchukua.

"Imepotelea wapi?" niliuliza.

"Ukutani," alisema. "Plagi ya Katibu Mkuu imekatwa jino la tatu ili iingie kwenye soketi ya meno mawili. Likikosekana pale, limekosekana kwa wote arobaini na mmoja."

Hili nililijua. Nchi nzima ililijua. Jino lile lilikatwa na Katibu Mkuu kwa msumeno wake mwenyewe mbele ya kamera yangu, na sasa liko kwenye sanduku la kioo pale mapokezi, na kibao kinachosema: Tumetatua kwa Rasilimali za Ndani. Wanafunzi huletwa kuliangalia.

"Mama," Sefu alisema, "hili birika litakuua. Siku chini pakiwa na maji, au umesahau khanga, litakuua."

"Na nikiacha kulishika nitakula nini?"

"Nitaifelisha ekstensheni."

"Ipi?"

"Ya ukutani."

Mama Siwema alimmiminia chai, akatia sukari vijiko vitatu bila kumuuliza, akasema, "Kunywa kwanza, mwanangu. Hayo ukayafanye umeshiba."

*

Katibu Mkuu wetu ni Dakta Hilarius Mbegani, msomi aliyekaa ng'ambo miaka tisa na kurudi na begi la ngozi. Alipoiona stika nyekundu kwenye ekstensheni yake, hakukasirika. Watu wakubwa hawakasiriki, wanahutubia.

"Ndugu Fundi," alisema, akisimama ili picha ya Rais ionekane juu ya bega lake, "ekstensheni hii si waya. Ekstensheni hii ni mnyororo wa imani kati ya dola na mwananchi. Imehudumu miaka kumi na minne. Imepitia mafuriko, imepitia uchaguzi. Wewe, ndani ya miezi mitano, umeona nini ambacho sisi hatujakiona?"

"Haina ethi, Mzee."

"Ethi ni nini mbele ya uzalendo?"

"Mama Siwema atakufa, Mzee."

Dakta Mbegani aliinamisha kichwa, nami nikadhani limemgusa. Alikuwa anatafuta kalamu. Alisukuma fomu mezani na kusema kwa sauti ya baba: asaini leo, leo hii anathibitishwa, na badala ya kuanzia mwisho wa foleni kama wengine anapewa tundu la kumi na tano. Niliona wivu waziwazi. Mimi kufika la kumi na tano kulinichukua miaka minane na kuwasifia watu wawili ambao sasa wako gerezani.

Sefu aliitazama ile fomu. Ana watoto wanne na mama mgonjwa wa sukari, hayo aliniambia mwenyewe. Alisema, "Mzee, nikisaini na Mama akafa, wewe utakuwa umehamishwa, na huyu kaka ataandika vizuri. Saini itabaki yangu."

Akapewa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Ama asaini, ama majaribio yake yamemshinda.

Alhamisi, saa nne kasoro dakika kumi, aliitwa tena kwa Katibu Mkuu apewe nasaha za mwisho. Nilikuwepo na kamera, endapo angesaini. Usiku wa kuamkia siku hiyo bomba la chumba cha chai lilikuwa limepasuka, na Mama Siwema aliamka na kazi ya kukausha maji. Kandambili yake ilikatika mkanda, akaiweka pembeni, akaendelea peku. Hayo tuliyajua baadaye. Tulichosikia ni vikombe vikianguka, vingi kwa pamoja, na hapakuwa na sauti ya mtu. Aliyeganda kwenye umeme hapigi kelele, hana nafasi ya kupumulia. Ndipo karani wa tundu la arobaini alipokuja mbio kwenye korido akisema Mama ameganda kwenye birika, Mama ameganda.

Dakta Mbegani alisema, "Jambo hili liletwe kwa maandishi."

Sefu alikipita kiti cha Katibu Mkuu, na Katibu Mkuu akiwa juu yake, akaichomoa plagi.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Feni arobaini zilisimama. Watu walitoka milangoni wakiangaliana, wakubwa na wadogo, na hakuna aliyejua amwamkie nani. Kule mwisho wa korido Mama Siwema alianguka kwenye maji, mkono umeungua, anapumua. Sefu alikwenda akambeba. Huku nyuma Dakta Mbegani alipiga magoti, akaichomeka plagi kwa mkono wake mwenyewe, akanyoosha mkono mbele ya picha akajiapisha. Alipoichomeka hakuuliza kama Mama ameshaliachia birika. Bahati nzuri alikuwa ameshaliachia.

*

Sefu alishtakiwa kwa kuangusha serikali kwa mkono mmoja. Sheria ni ya haki: ikithibitika kwamba birika lilikuwa na umeme, kuchomoa kunahesabiwa ni uokoaji, na mtu anaachiwa. Ikithibitika halikuwa nao, ni mapinduzi, miaka sita. Kamati ya uchunguzi iliongozwa na Dakta Mbegani, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa karibu na tukio kiasi cha kulielewa. Bi. Kokuhirwa alikuwa mjumbe, pamoja na wazee watatu wa Wizara ambao husinzia kwa zamu. Mimi niliteuliwa kuandika kumbukumbu.

Birika liliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na ekstensheni ya arobaini na moja ikavutwa mpaka ukumbini likachomekwa, ili ushahidi uwe hai. Mama Siwema aliletwa, mkono umefungwa bendeji mpaka kiwikoni.

"Mama," Bi. Kokuhirwa alianza kwa upole wa kutisha, "kabla hujajibu, ukumbuke kazi ya chai ni ya mtu mwenye afya njema. Je, ulipigwa shoti?"

Mama Siwema aliutazama mkono wake. Nadhani alikuwa anaihesabu miaka yake. Kisha akasema, "Birika hilo hapo. Mimi kama muongo, lishikeni."

Mikono yote ilishuka chini ya meza. Mzee wa kwanza alisema ana baridi yabisi. Wa pili alisema daktari amemkataza vitu vinavyong'aa. Wa tatu aliamka kutoka usingizini, akalitazama birika, akarudi usingizini. Bi. Kokuhirwa alisema yeye ni Utumishi, birika ni Ugavi. Mwenyekiti alisema mwenyekiti hagusi kielelezo. Macho yakashuka kwenye meza, yakapita wajumbe mmoja mmoja, yakafika mwisho wa meza, kwa mwandishi.

"Ndugu Katibu wa Kamati," alisema Dakta Mbegani, "utatusaidia."

Niliogopa, na sioni sababu ya kuificha. Sefu, akiwa kati ya askari wawili, aliomba jambo moja: nivue viatu, maana Mama alikuwa peku. Ikakubaliwa. Sakafu ilikuwa ya marumaru, ya baridi. Halafu akaniambia, kwa sauti ileile aliyoitumia kila nilipomnyooshea kalamu, "Usishike kwa kiganja, kaka, utaganda. Gusa kwa mgongo wa vidole. Mkono utaruka wenyewe."

Nikagusa kwa mgongo wa vidole.

Umeme hauna adabu. Ulipanda mpaka begani ukanipiga ndani ya meno, na mkono wangu ukaruka juu kama nimeitwa jina shuleni. Watu wote waliuona. Nilimwona Sefu akishusha pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akatabasamu. Kwake yeye mambo yalikuwa yameisha, kipimo kimesoma.

Dakta Mbegani alikuwa anasafisha miwani. Alisema, kama mtu anayejiongelea mwenyewe, kwamba tundu la tatu litakuwa wazi karibuni, Bi. Kokuhirwa akipanda kuwa Naibu, na kwamba ni vigumu siku hizi kupata mtu mwenye utulivu. Kisha akaivaa miwani.

"Ndugu Katibu, umehisi nini?"

Nilikuwa na muda wa kutosha. Nataka hilo lieleweke. Watu husema mambo kama haya hutokea ghafla, lakini mimi nilikuwa na muda, na nilimwangalia Sefu, na nilimwangalia Mama Siwema na bendeji yake, na nilijua.

"Sikuhisi kitu, Mheshimiwa."

"Ameruka," Sefu alisema. "Wote mmemwona ameruka."

"Uliruka?"

"Nilikuwa nafukuza nzi, Mheshimiwa."

Kamati ilipokea nzi kwa furaha kubwa. Mzee wa kwanza alisema naye amemwona, ni yule wa kijani. Wa pili alisema amekuwa akiwasumbua tangu asubuhi. Bi. Kokuhirwa akapendekeza nzi alaaniwe na lisomeke hivyo kwenye kumbukumbu, na hoja ikaungwa mkono na mzee aliyelala. Niliandika yote. Niliyaandika kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa hauwezi kushika kalamu.

Sefu hakunitukana, na bora angenitukana. Wakati wanampitisha mbele yangu alisema, "Sawa, kaka," kama vile tumeachana sokoni. Miaka sita.

Ukumbi ulipobaki mtupu, Mama Siwema alikuja kukusanya vikombe kwa mkono mmoja. Alinikuta nimekaa, peku, naukanda ule mkono wangu chini ya meza. Alisimama karibu yangu.

"Pole, baba," alisema. "Siku ya kwanza ndiyo inauma."

*

Wiki ya Usalama ilifana. Rais aliikabidhi Wizara yetu cheti chenye fremu ya dhahabu, na stika ya kijani ilibandikwa juu ya ile nyekundu kwa kuwa nyekundu iligoma kubanduka. Tamko kwa vyombo vya habari niliandika mimi, na watu walilisifu kwa ufasaha wake. Fomu ilisainiwa na mzee aliyelala. Mama Siwema alirudishwa kazini ili wasioitakia mema nchi wasipate la kusema, akapewa na glavu moja ya mpira, ya mkono wa kushoto. Ya kulia iko kwenye mchakato. Kuchomoa plagi ya ukutani bila kibali cha maandishi sasa ni miaka kumi na miwili, kwa mtu yeyote na kwa sababu yoyote.

Mimi niko tundu la tatu. Soda zilinywewa. Mke wangu amewaambia ndugu zake wote, na ofisi yangu mpya ina pazia, na mlango wake ukiwa wazi unaiona meza ya Katibu Mkuu, kiti chake, picha, na ukuta. Tangu nihamie nimekuwa nikiyaandika haya kidogo kidogo, kila asubuhi, nikisubiri chai.

Leo ni saa nne na robo na chai haijaja.

Watu wameanza kuchungulia. Bi. Kokuhirwa ametoka mlangoni, ameitazama korido mpaka mwisho, amerudi ndani na kufunga mlango. Taa ya mezani kwangu imefifia, kisha imerudi, kisha imefifia tena. Nimesikia kitu kikianguka kule mwisho, labda kikombe. Karani wa tundu la arobaini amekuja akikimbia, amefika mlangoni kwa Katibu Mkuu, ameikumbuka sheria, amesimama. Dakta Mbegani ameinua macho, ametutazama mmoja mmoja, na amerudi kusoma gazeti.

Kutoka hapa nilipo mpaka ukutani ni hatua kumi na moja. Nimezihesabu mara mbili. Si nyingi kwa mtu mzima mwenye miguu yake. Nikimaliza ukurasa huu nitainuka.